Upatu na Daftari

Katika mtaa wa Jericho, Nairobi, akina mama wachuuzi hukutana vyamani mwao, wakachanga fedha na kupokezana kwa zamu. Ndio upatu tuujuao sisi watu wa pwani. Hapo mama hapati mtaji tu, bali hupata na habari za bei, na wateja, na mdhamini. Tena hauna riba.

Lakini wengi huona haya kuandikiana, ati wao ni ndugu. Atakayedhulumika ni yule wa zamu ya mwisho, wenziwe wakishapokea na kutoweka. Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, yatuamrisha tuandike deni, dogo au kubwa, na tuweke mashahidi. Wahenga nao walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Akina mama, andikianeni. Undugu hautavunjika kwa wino.