Barabara ya Nyakakika haiangalii namba ya jezi

KUNA jambo moja mashabiki wa soka wa nchi hii hatulisemi kwa sauti. Tunapenda kumuona mchezaji wetu akishuka kwenye gari kali. Na tunachukia kumuona mchezaji wetu akishuka kwenye gari kali. Inategemea tu Jumamosi alifunga au alikosa.

Akifunga, gari ni heshima ya klabu. Picha inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, tunaandika "chuma kimetulia" na vikopa kumi. Akikosa penalti, gari lilelile linageuka ushahidi wa mahakamani. "Ameshavimba kichwa huyu. Anawaza Crown, hawazi mpira." Halafu aliyeandika hivyo anapanda daladala kurudi kwake akiiota Crown hiyohiyo.

Mimi niko upande wa mchezaji na gari lake. Naomba nieleweke hivyo mapema, kwa sababu huko mbele nitamgeukia kidogo.

Kuna kiungo mmoja wa Ligi Kuu ambaye kwao ni Nyakakika, kule Karagwe. Jina lake nitalihifadhi. Ameniomba, na isitoshe mama yake husomewa gazeti na wajukuu. Desemba iliyopita alinunua gari la kwanza maishani mwake. Wenzake wengi huanza na IST au Vitz, kisha wakajipanga taratibu. Yeye aliruka moja kwa moja hadi Toyota Crown Athlete. Nyeusi, injini ya V6 ya cc 2,500, viti vya ngozi, na vitaa vya bluu humo ndani ambavyo hakuna anayejua kazi yake.

Mtu wa Ulaya atacheka tukiliita hilo gari la spoti la kifahari. Acheke. Kwake spoti ni Ferrari au Lamborghini. Kwa kijana wa miaka 22 ambaye miaka mitatu nyuma alikuwa anakwenda mazoezini kwa miguu, Crown Athlete ndiyo Ferrari yenyewe. Iko chini, inanguruma, na ukipita nayo Kariakoo watu wanageuza shingo.

Na haikuja kirahisi. Gari lililotumika Japani likifika bandarini linapigwa ushuru wa forodha asilimia 25. Injini ikizidi cc 2,000 kuna ushuru wa bidhaa asilimia 10. Juu ya hapo inakuja VAT asilimia 18, na gari likiwa na umri mkubwa kuna ile ya uchakavu. Pesa ya usajili ya dogo iliondoka karibu yote. Mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili.

Nilimuuliza swali ambalo huwa hatuwaulizi wachezaji wetu. Siku ya kwanza ulijisikiaje?

Nilitegemea ataniambia habari za mbio. Akaniambia habari za ukimya. "Kaka, ukifunga ule mlango tu, dunia yote inabaki nje." Alikaa ndani ya gari karibu dakika 20 bila kuliwasha. Alizima simu. Fikiria mtu anayelala na wenzake watatu kwenye chumba kimoja cha kambi, anayezomewa na uwanja mzima pasi moja ikipotea, ambaye kila akiwasha simu kuna binamu anaomba nauli. Mle ndani hakukuwa na kocha, hakukuwa na wakala, hakukuwa na binamu. Sisi tunaona majivuno. Yeye alikuwa anapumua.

Halafu akabonyeza kitufe. Anasema ukikanyaga mafuta, gari linafikiri kidogo, kisha linakubandika mgongo kwenye kiti. Ni kama beki amekuvaa kwa nyuma, ila huyu hakuumizi. Nguvu inatoka tairi za nyuma, kwa hiyo kwenye kona unaisikia kiunoni kabla hujaiona kwa macho. Alipokuwa ananieleza hayo alikuwa anashika usukani wa hewani kwa mikono miwili. Sijawahi kumsikia akielezea bao lake hivyo.

Sasa ikaja safari ya nyumbani. Kwa watu wa Kagera, Desemba ni mashindano yasiyo na kombe. Kila aliyeko Dar es Salaam, Mwanza au Kampala anarudi kusalimia wazazi, na salamu yenyewe huanza na muungurumo barabarani. Dogo alipita Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Biharamulo, akatokea Bukoba na kuzunguka Kyaka. Si chini ya kilomita 1,400. Kwa gari linalokwenda kilomita tisa au kumi kwa lita moja, piga hesabu mwenyewe.

Kuna vipande vya barabara huko Singida vimenyooka kama kamba ya fundi mwashi. Magari ya Japani mshale wake unaishia 180, na hata injini yenyewe imefungwa isivuke hapo. Alikataa kuniambia mshale wake ulifika wapi. Aliangalia chini na kutabasamu, nikajua jibu. Alichokubali ni kwamba trafiki wenye tochi walimuandikia mara tatu kwenye vijiji vya hamsini, Sh30,000 kila mara. Mmoja wao alikuwa shabiki wa timu yake. Alimuandikia, kisha akaomba picha.

Anasema raha kubwa aliipata mwishoni, kwenye lami ya kutoka Kyaka kupanda Bugene. Milima, kona, migomba kushoto na kulia, gari linalala na kuinuka. Hapo hakwenda kasi sana kwa sababu haiwezekani, na ndipo alipolielewa. Gari zuri linataka barabara yenye maswali.

Kisha akaiacha lami na kushika njia ya Nyakakika.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku mzima. Anayeijua Karagwe ya Desemba anajua ule udongo mwekundu ukilowa unakuwaje. Crown iko chini na inasukumwa na tairi za nyuma. Kwenye mlima wa kwanza tairi zilizunguka palepale kama mshambuliaji anayepiga chenga bila kusogea. Kwenye korongo la pili likasikika jiwe chini, kroo, moja kwa moja kwenye sampo. Vijana wa bodaboda wakaacha abiria wao, wakaja kusukuma. Wengine na jezi za Simba, wengine za Yanga, wote bega moja. Karagwe nzima iliwahi kuona hilo siku hiyo tu.

Alifika nyumbani amepakwa tope hadi kwenye paji la uso. Mama yake alilizunguka gari mara moja, taratibu, mikono nyuma. Akauliza: "Hili linabeba mikungu mingapi?"

Dogo anasema alicheka. Usiku hakulala vizuri.

Nisimuonee. Kabla ya kununua Crown alishaezeka nyumba ya mama kwa bati na kulipa ada ya mdogo wake. Hilo hakulipiga picha, kwa hiyo sisi hatulijui. Na hapa ndipo ninapochoshwa na wanaomtumia Sadio Mane kama fimbo. Ni kweli, mwaka 2019 Mane alihoji angefanya nini na Ferrari kumi wakati kijijini kwake Bambali watu wanahitaji shule na hospitali, na akavijenga. Ni kweli pia kwamba N'Golo Kante alikuwa anakwenda mazoezini Chelsea na Mini Cooper. Mungu awabariki wote wawili. Lakini Mane alikuwa analipwa na Liverpool. Aliweza kujenga hospitali na bado akabaki na akiba ya maisha. Kumwambia kiungo wa Ligi Kuu mwenye mkataba wa miaka miwili awe Mane ni kumpa mtoto jezi ya baba yake.

Pesa zake ni zake. Kinachonitisha mimi si bei ya gari. Ni ule mshale alioukataa kuutaja.

Januari 2009, Cristiano Ronaldo alikuwa na miaka 23, Ballon d'Or ya kwanza ikiwa bado ya moto mkononi. Alikuwa na Ferrari mpya kabisa. Aliibamiza kwenye njia ya chini karibu na uwanja wa ndege wa Manchester, ikabaki nusu gari. Akatoka bila jeraha na kwenda mazoezini. Tulicheka, tukasema ana bahati. Kila kitu alichokuja kufanya baadaye, Madrid na kwingineko, kilipitia kwenye sekunde mbili za asubuhi ile.

Diogo Jota hakupata sekunde hizo. Julai 3, 2025, siku 11 baada ya harusi yake, yeye na mdogo wake Andre Silva walifariki dunia ndani ya Lamborghini huko Zamora, Hispania. Taarifa za awali za polisi zilitaja tairi lililopasuka wakati gari likilipita jingine.

Na wala tusiende mbali hadi Hispania. Mei 6, 2012 Simba iliifunga Yanga 5-0. Shabiki wa Simba wa umri fulani atakutajia wafungaji wote usingizini, na Patrick Mafisango yumo. Siku 11 baadaye, Mei 17, Mafisango alikufa kwa ajali ya gari Chang'ombe, Dar es Salaam. Hakuwa kwenye Lamborghini. Alikuwa anaendesha gari usiku wa manane katika jiji hilihili ambalo wachezaji wetu wa leo wanaendesha, wakitoka mahali, wakienda mahali, peke yao. Tulilia sana, tukaimba jina lake, kisha tukarudi kwenye usajili. Sikumbuki klabu hata moja iliyotutangazia utaratibu mpya wa kulinda wachezaji barabarani kwa sababu ya msiba ule.

Nilimwambia dogo habari ya tairi la Jota, nikamuomba aende nje akanisomee namba kwenye tairi zake. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Alichuchumaa na simu yake akimulika. Akasoma: 3514. Wiki ya 35 ya mwaka 2014. Zilikuja na gari kutoka Japani, meno bado yapo, zimepakwa ile dawa nyeusi zikang'aa kama mpya. Kwa tairi hizo alikuwa ameivuka Singida akiwa na mshale asioutaja.

Alikaa kimya. Safari hii haukuwa ukimya wa raha.

Sasa niwageukie mabosi wa klabu. Mnapomsajili mchezaji mnampima moyo, mnampima goti, mnampima damu, mnamgeuza kama ng'ombe wa mnadani. Sawa, ni mali. Halafu mnampa kijana wa miaka 22 pesa ambayo ukoo wake haujawahi kuiona kwa mkupuo mmoja, mnampiga picha na skafu, mnamuacha mlangoni. Hakuna anayemuuliza kama ana leseni ya daraja D au aliinunulia njiani. Hakuna anayemtafutia mwalimu wa kumfundisha kuendesha gari lenye nguvu mara mbili ya lile alilojifunzia. Hakuna anayemtajia bima kubwa, anakata ile ndogo ya lazima na kuondoka.

Mechi ikianza saa 1:00 usiku inaisha karibu saa 3:00. Mpaka waoge, wahojiwe, basi liwarudishe kambini, ni saa 5:00. Mtu amekimbia kilomita kumi, miguu inatetemeka, kichwa bado kinacheza mechi. Hapo ndipo tunampa funguo na kumwambia tuonane Jumatatu. Dereva wa basi la abiria ana sheria ya saa za kukaa kwenye usukani. Kiungo wetu hana hata mtu wa kumwambia "dogo, leo liache gari hapa, tutakupeleka." Mafuta ya Coaster moja kwa usiku mmoja ni pesa ndogo kuliko bonasi ya mechi.

Na sisi mashabiki, tuache kuhesabu magari. Ukikutana naye Sinza saa 7:00 usiku, usimrekodi video ili kesho uandike "ndiyo maana tunafungwa." Na usimpungie mkono ili "akanyage kidogo" usikie injini. Wengi wetu tumefanya hilo la pili kuliko la kwanza, na ndilo baya zaidi.

Crown ilikaa kwa fundi Kayanga siku tisa ikisubiri sampo kutoka Dar es Salaam. Dogo alirudi kambini na basi. Baadaye alinunua tairi nne mpya, na anasema gari hauzi, hata akikutana na mnunuzi mwendawazimu. Simlaumu. Mkataba wake unaisha Juni na wakala ameshaanza kupokea simu. Nimemwambia, kabla hawajafika kwenye pesa ya usajili, amuulize bosi wa timu hiyo mpya wachezaji wake wanarudije nyumbani baada ya mechi ya usiku. Alicheka. Ameahidi atauliza.