Udogo wa Sahani na Udogo wa Kipimo

Wiki mbili zilizopita nilialikwa chakula cha jioni katika mgahawa mmoja wa Masaki. Mwenyeji wangu alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafanya kazi katika shirika la kimataifa na alikuwa akisherehekea kupandishwa cheo. "Dokta," aliniambia kwa simu, "ulinifundisha miaka mitatu. Niruhusu nikulishe usiku mmoja." Mwaliko wa namna hiyo haukataliwi. Nilitoka nyumbani Mbagala mapema ili nikwepe foleni ya Barabara ya Kilwa, na mchana sikula kitu, nisije nikamwaibisha mwenyeji kwa kubakiza chakula. Tahadhari hiyo haikuhitajika.

Sahani ya kwanza ilikuwa nyeusi na pana kama ungo. Katikati yake palikuwa na vipande vitatu vya pweza, kila kimoja kikiwa si kikubwa kuliko kidole gumba. Pembeni palikuwa na matone saba ya rojo la ukwaju, yaliyopangwa kutoka kubwa hadi dogo, na jani moja la giligilani. Orodha ya vyakula ilikuwa ya Kiingereza kitupu, na kijana aliyetuhudumia alianza kutueleza sahani hiyo kwa Kiingereza alichokikariri. Nilipomuuliza kwa Kiswahili pweza huyo ametoka wapi, mabega yake yalishuka, akatabasamu. "Feri, mzee. Na shikamoo." Nikaitikia. Baadaye aliniambia kwamba anaishi Tandale, na kwamba wenzake wote hula kwa mama lishe kabla ya kuingia kazini.

Kweli isemwe: chakula kilikuwa kitamu. Pweza alikuwa laini bila kupoteza ladha ya bahari, na aliyewahi kupika pweza anajua kwamba hilo si jambo dogo. Zilikuja sahani sita, zote za ukubwa huohuo. Bili ya watu wawili ilifika shilingi 295,000, na ndani yake shilingi 45,000 zilikuwa kodi ya ongezeko la thamani. Mwenyeji wangu alilipa bila kukunja uso, risiti ya EFD ikatoka. Mimi nilipiga hesabu ambayo mtu wa mshahara hawezi kuizuia kichwani. Kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kilipandishwa mwaka 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi. Tulikuwa tumekula zaidi ya nusu yake, na bado nilikuwa na njaa.

Saa nne na nusu usiku nilikuwa Mbagala Rangi Tatu, nimesimama mbele ya meza ya muuza pweza. Wakazi wa Dar es Salaam wanaijua meza hiyo: sinia, taa, kisu kikali, bakuli la pilipili na sufuria ya supu. Muuzaji alikata vipande vidogo kwa ustadi, akavipanga mstari pembeni mwa sinia na kuvichomeka vijiti. Kando yangu alisimama kijana aliyevaa ovaroli yenye madoa ya oili. Alihesabu sarafu zake, akachukua vipande viwili, akavila polepole sana, kisha akashushia na kikombe cha supu. Alivitazama vilivyobaki, akaaga.

Pale ndipo nilipoanza kuifikiria makala hii. Usiku uleule nilikuwa nimeona pweza wa bahari ileile akikatwa vipande vya ukubwa uleule na kupangwa kwa uangalifu uleule. Tofauti ilikuwa moja tu. Masaki kipande kilikuwa kidogo kwa sababu mlaji ameshiba, na Mbagala kilikuwa kidogo kwa sababu mlaji hana fedha.

Udogo wa Masaki una historia yake. Mwaka 1973 waandishi wawili wa Ufaransa, Henri Gault na Christian Millau, walitangaza kanuni za upishi mpya. Walichoshwa na michuzi mizito na karamu ndefu, wakawasifu wapishi waliopika vyakula vyepesi vyenye ladha halisi ya kilichopikwa. Baadhi ya wapishi hao walijifunza pia kutoka Japani, ambako kupanga chakula ni sanaa ya zamani. Kwa hiyo sahani ndogo ilikuwa uasi dhidi ya ulafi. Sina ugomvi na uasi huo. Lakini ni uasi wa mtu ambaye akitaka kula zaidi, anaweza.

Udogo wa pili haujaandikiwa vitabu vya mapishi, ingawa ndio unaoishi na wengi wetu. Nenda duka la Mangi, Tandika au Tandale, saa kumi na mbili jioni. Utasikia: "Nipimie mafuta ya mia tano." "Nipe sukari robo." "Kata sabuni nusu." Mkaa unauzwa kwa kopo, maji kwa ndoo, umeme wa LUKU kwa elfu moja, nyanya na dagaa kwa fungu. Litazame fungu la nyanya: tatu chini, moja juu, zimepangwa kwa mpangilio unaopendeza macho. Nalo ni sahani ndogo ya kisanaa, ila muuzaji wake hajawahi kuitwa msanii.

Sasa jumlisha vile vipimo vya mafuta hadi vifike lita moja, ulinganishe na bei ya lita anayolipa mwenye kununua dumu la lita ishirini. Fanya hivyo kwa mkaa wa kopo na mkaa wa gunia, kwa maji ya ndoo ya muuzaji na maji ya bomba la DAWASA. Mara zote utakuta kwamba mwenye fedha kidogo amelipa zaidi kwa kila kipimo. Simlaumu Mangi, kwa kuwa naye ana kodi ya pango na mafuta yanayomwagika. Ninachosema ni kwamba watu wa aina mbili katika mji huu hulipa ghali kwa kitu kidogo: tajiri, anayenunua sanaa, na maskini, ambaye hana mtaji wa kununua kitu kikubwa.

Madhara yake hayaishii mfukoni. Fedha inaponunua kipimo kidogo, mama hawezi kuugusa unga, kwa sababu unga ndio shibe. Anachokata ni yai, samaki na tunda. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Dar es Salaam si mkoa ulioongoza kwa udumavu. Iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayolisha nchi. Kumbe tumbo linaweza kujaa ugali na mtoto asikue.

Kuna atakayesema huu ni wivu, kwamba mgahawa umeajiri vijana na kulipa kodi. Ni kweli, na sitaki ufungwe. Namtakia mpishi yule mema, na ningefurahi siku moja nione orodha yake ya vyakula kwa Kiswahili. Lakini tukumbuke kwamba hata anayenunua kipande cha sabuni hulipa kodi ileile ya asilimia 18 ndani ya bei, wala hana risiti ya kuonyesha. Tukumbuke pia kwamba Masaki na Tandale zote ziko ndani ya Manispaa ya Kinondoni. Waingereza waliugawa mji huu kwa kanda: Wazungu Oysterbay, Waasia katikati ya mji, Waafrika Kariakoo na Ilala. Kanda hizo zilifutwa kwenye sheria. Kwenye mifereji, mabomba na taa za barabarani bado mtu anaweza kuonyesha zilipopita.

Mama lishe anayewalisha wahudumu wa Masaki anauonja mpaka huo kila siku. Mwaka 1983, wakati wa Nguvu Kazi, wachuuzi wa mjini walikamatwa kama wazururaji. Mwaka 2021 walihamishwa kwa maelfu kutoka kandokando ya barabara. Sipingi mji kupangwa. Ninauliza kwa nini kila unapopangwa, wa kwanza kuondolewa ni anayewalisha wanaoujenga.

Napendekeza mambo mawili, nayo hayahitaji sheria mpya. Kwanza, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Sehemu ya mikopo hiyo ielekezwe kwa vikundi vya kununua kwa jumla: mama lishe kumi wakinunua pamoja gunia la mchele, dumu la mafuta na mtungi mkubwa wa gesi, watakwepa bei ya kipimo. Si kurudi kwenye Operesheni Maduka ya mwaka 1976, ambapo serikali ilifunga maduka ya watu kabla ya kuwa na ya kwake. Hapa hakuna duka litakalofungwa. Pili, kabla ya kumhamisha mama lishe, ajengewe sehemu yenye bomba, choo na paa, karibu na walaji wake. Ndugu zangu watumishi wa umma mnaosoma hapa, nanyi mnakula kwake mchana. Hoja hii mnaweza kuipeleka kikaoni.

Kesho yake nilimpigia mwenyeji wangu kumshukuru, nikamsimulia habari ya yule kijana wa ovaroli. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Dokta, unakumbuka pasi ndefu?" Nilikumbuka. Ndivyo wanafunzi wanavyoita kula mara moja kwa siku boom linapochelewa. Alisema mwaka wake wa pili aliipiga pasi ndefu wiki tatu mfululizo, na alikuja darasani kwangu kila siku. Mimi nilikuwa nikimwona anasinzia kiti cha nyuma, nikadhani ni mvivu. Nilimwomba radhi, miaka kumi na moja baadaye.