Macho matupu bado yana kazi angani

Mwishoni mwa 2019 Betelgeuse, nyota nyekundu iliyo begani mwa kundi la Orion, ilianza kufifia. Kufikia Februari 2020 ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya mwanga wake wa kawaida. Darubini kubwa zilizoko Chile zilisaidia kueleza sababu: nyota ilitema gesi, gesi ikapoa ikawa vumbi, vumbi likaziba sehemu ya uso wake. Lakini kilichowawezesha wataalamu kusema kwamba haikuwahi kufifia hivyo kwa miongo mingi ni kumbukumbu za zaidi ya miaka 100, nyingi zikiwa zimeandikwa na watu wasiolipwa, waliotazama kwa macho tu na kupeleka vipimo vyao kwenye vyama kama AAVSO cha Marekani, kilichoanzishwa 1911. Kazi hiyo haijapitwa na wakati, na sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kuifanya.

Namna ya kupima si siri. Katika kipimo cha mng'ao, namba ikipanda nyota hufifia: Procyon ni 0.4, Aldebaran 0.9, na Bellatrix, iliyo bega la pili la Orion, 1.6. Mtazamaji huangalia Betelgeuse iko kati ya zipi, huandika namba, tarehe na saa, basi. Februari ile mabega mawili ya Orion yalikaribia kulingana, jambo ambalo hata mtoto wa shule ya msingi angeliona.

Wapo wanaosema mashine zimemaliza kazi hii. Hoja hiyo ina nguvu kwa nyota hafifu. Kamera kubwa ya kituo cha Vera Rubin, Chile, imeundwa kuona vitu hafifu mno, na kwa sababu hiyohiyo nyota zinazoonekana kwa macho huifurikia mwanga hadi kipimo kinaharibika. Wengine watasema jicho hukosea. Kweli, hukosea kwa sehemu moja au mbili za kumi za kipimo, lakini nyota kama Mira hubadilika mng'ao zaidi ya mara 100 katika mzunguko wa miezi 11 hivi. Kosa dogo namna hiyo haliwezi kuficha badiliko la ukubwa huo. Albert Jones wa New Zealand, ambaye elimu ya nyota haikuwa ajira yake, aliacha vipimo zaidi ya 500,000, na vinatumika.

Nyota zenye mkia ndizo zinazodai uangalizi zaidi. Barafu yake ikipashwa na jua hufoka gesi, na msukumo huo huipotosha njia: Halley huchelewa kwa takriban siku 4 kila mzunguko, ikilinganishwa na hesabu ya mvutano peke yake. Ndiyo maana mahali pake lazima papimwe upya tena na tena. Mng'ao wake nao hautabiriki. ISON ilitangazwa kuwa ingeng'aa ajabu, kisha Novemba 2013 ikasambaratika ilipolipita jua.

Kuna watakaouliza kama nchi zenye uhaba wa madawati zina haki ya kujishughulisha na nyota. Swali ni halali, ila kazi hii haichukui shilingi ya dawati: inahitaji daftari, saa na ramani ya nyota. Isitoshe, tuna nafasi ambayo wengine hawana. Tukiwa karibu na ikweta, tunaona karibu anga zote mbili, ya kaskazini na ya kusini. Na saa moja jioni Mwanza au Mombasa, New York bado ni mchana. Kwa mfano, nyota iitwayo Algol hupatwa, mwenzake akiikingia mwanga, kila baada ya siku 2 na saa 20 na dakika 49, ikapungua mwanga kwa saa chache tu. Kupatwa kukiangukia jioni yetu, Marekani hawawezi kukuona. Walimu wa jiografia, wanaofundisha mfumo wa jua kwa picha za vitabuni, wanaweza kuanza na Betelgeuse Januari, inapopanda mashariki jioni, hata katikati ya taa za Dar es Salaam, na wanafunzi wakapeleka vipimo vyao kulekule vinakopelekwa vya wengine.