Tunaopanda Mlima, Tuutunze Mlima



Jumatatu ya Pasaka tuliongozana na vijana wa parokia kupanda hadi Morningside, kwenye lile jengo la kale lililobaki tangu enzi za Wajerumani. Tulisali, tukaimba, tukala, tukashuka kwa furaha. Siku mbili baadaye alitujia mama mmoja mkazi wa huko juu, amejitwika kiroba cha chupa za plastiki. Hakutukaripia. Alisema tu: “Baba, watoto wako wamesahau vitu vyao mtoni. Sisi tunachota maji pale.” Aibu ile ndiyo inayotufanya tuandike leo.

Wengi wetu tunaitazama Milima ya Uluguru kama pambo la mji. Tunasahau kwamba tunainywa. Mto Ngerengere, unaolijaza bwawa la Mindu, huanzia huko. Na Mto Ruvu hushuka huko kwenda kuwanywesha ndugu zetu wa Dar es Salaam. Msitu wake, ambao tangu mwaka 2008 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia yenye takriban hekta 24,000, una ndege, vyura na mimea isiyopatikana kwingine kokote duniani.

Wapo wasemao kwamba utunzaji ni kazi ya Wakala wa Huduma za Misitu. Ni kweli, Wakala una wajibu wake. Lakini askari wa msitu hawezi kumfuata kila mgeni mgongoni. Isitoshe, historia ya hapa hapa inatufundisha jambo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Udongo ulihitaji kweli kutunzwa. Lakini kazi ile iliendeshwa kwa amri na adhabu. Mwaka 1955 wananchi waliikataa, ghasia zikazuka Matombo, mtu akapoteza maisha, na mpango ukaachwa. Kazi ya shuruti haikudumu. Kazi ya hiari je, tumeijaribu kwa dhati?

Ni rahisi kumlaumu mkulima anayefyeka mlimani, ilhali tunakula mboga na ndizi zake, kisha tunampelekea taka. Kitabu cha Mwanzo kinampa mwanadamu kazi mbili bustanini: kulima na kutunza. Yeye walau analima. Sisi tunaokwenda kutembea tu, tunafanya lipi?

Basi, tunapendekeza haya. Tusiingie hifadhini bila kibali na ada inayotakiwa. Tumchukue kijana wa kijiji atuongoze, tumlipe haki yake. Tusiwashe moto, tusing'oe maua, na tulichopanda nacho tushuke nacho. Zaidi ya hayo, kila jumuiya ndogo ndogo itoe siku moja kwa mwaka ya kujitolea mlimani. Lakini kwanza tuwaulize viongozi wa kijiji na maofisa wa misitu ni kazi gani inayohitajika, tusije tukawapangia wenyeji kama walivyopangiwa zamani.

Sisi tutaanza Jumamosi ijayo, kwenye mto ule ule. Tutamwomba radhi mama yule, na kumrudishia kiroba chake kikiwa kitupu.

Tutafakari, na tuonane njiani.