Umeme Umefika Kijijini, Saa Zimekwenda Wapi?

Makamanda, kila msimu wa kuomba kura tunasomewa namba ileile: vijiji 12,318, vyote vimefikiwa na umeme. Hatubishi. Nguzo zipo, waya upo, mita za LUKU zinasoma. Hata kwetu Msangeni, huku juu Ugweno, nguzo zimeupanda mlima. Swali letu ni dogo tu: katika saa 24 za jana, umeme uliwaka kwa saa ngapi? Namba hiyo, ya kata yako, hakuna anayepanda jukwaani kukusomea.

Wapo wanaodhani umeme ukikatika kijijini hasara ni balbu na chaji ya simu. Wamechelewa. Siku hizi kijana mwenye steshenari, dada mwenye duka la dawa, mhasibu wa Saccos ya wakulima, wote wanafanya kazi na kompyuta. Wengine wamekwenda hatua moja mbele: wana seva yao wenyewe. Msiogope neno. Seva inaweza kuwa kompyuta ndogo kuliko kitabu, imekaa kwenye kona ya ofisi, inatunza mauzo, madeni, stoo na mafaili ya wateja, na kompyuta nyingine za ofisini zinachota humo.

Atatokea mtu aseme, si aweke kila kitu mtandaoni kwenye seva za makampuni makubwa? Sawa, lakini huko unalipa kila mwezi, mara nyingi kwa dola, halafu bando juu yake. Na mtandao wenyewe ukoje? Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika, nchi nzima ikayumba. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa ikakaa siku kadhaa. Aliyekuwa na daftari lake ndani ya chumba chake aliweza kulifungua. Aliyeliweka lote ng'ambo alibaki anatazama kioo cha simu. Kwa hiyo kuwa na seva yako siyo ushamba, ni akili.

Tatizo ni kwamba umeme ukikatika ghafla wakati seva inaandika, kumbukumbu zinaweza kuharibika. Unaporudi nako kuna hatari yake: unaweza kuja na nguvu inayopanda na kushuka, ukachoma kifaa. Ongeza na radi za milimani wakati wa mvua. Ndiyo maana wenye seva wanajilinda, na njia za kujilinda wala si siri.

Kwanza, punguza njaa ya mashine. Kompyuta kubwa ya zamani inaweza kula wati 150 au zaidi. Kompyuta ndogo pamoja na ruta vinaweza kukaa kwenye wati 40 hivi. Pili, UPS ndogo ya dukani ina betri ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 tu. Kwa mzigo wa wati 40 ukipata saa moja shukuru, na betri ikizeeka hata hiyo hupati. Kazi yake ni kuipa seva muda wa kujizima kwa adabu. Ipo programu ya bure, Network UPS Tools, inayoiambia seva kwamba betri inaisha, ijizime yenyewe. Tatu, ukitaka kufika asubuhi, unahitaji betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 na inveta. Hapo una wati-saa kama 1,280, na mzigo ule wa wati 40 unaenda karibu siku nzima. Mzigo wa wati 150 kwa betri hiyohiyo haufiki hata saa nane. Nne, athi iliyofungwa na fundi anayejua kazi, na nakala ya kumbukumbu kwenye diski inayolala nyumba nyingine. Sola inasaidia sana, ila milima yetu ina ukungu, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Wapare tunaelewa haraka jambo hili kwa sababu tuna ndiva. Wazee walijua maji ya mfereji hayatoshi kumwagilia moja kwa moja, wakachimba bwawa dogo la kuyakusanya usiku ili mchana yatoke kwa nguvu na kwa zamu. Betri ni ndiva ya umeme. Lakini kuna tofauti moja kubwa: ndiva ilichimbwa na watu wote kwa msaragambo, na mgawo wake ulijulikana. Ndiva ya umeme kila kijana anajichimbia peke yake, kwa mtaji wake, kuziba pengo la huduma ambayo tayari ameshailipia.

Ndiyo, ameilipia. Kwa bei ya kawaida ya shilingi 292 kwa uniti, ongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, unafika 356. Seva yetu ya wati 40 ikiwaka mwezi mzima inakula kama uniti 29, shilingi 10,000 na ushee. Hela hiyo si kubwa. Kinachomuumiza ni betri, inveta na athi: mtaji ambao ungenunua mzigo wa dukani au kumlipa msaidizi, umekwenda kununua uhakika. Hiyo ni kodi ya pili, na haina risiti.

Na tusiambiwe nchi haina umeme. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa megawati 2,115. Tarehe 9 Machi 2025 Rais Samia alikuwa hapahapa wilayani Mwanga kuzindua mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe. Akaeleza kwa nini kanda ya kaskazini inunuliwe umeme wa Ethiopia: kuusafirisha wa kwetu kutoka huko kusini hadi huku unapotea njiani, hasara ya shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Vizuri. Serikali imepiga hesabu ya hasara yake mpaka ikapata bilioni. Hasara ya steshenari ya Msangeni nani ameipigia hesabu?

Tunadai mambo matatu. Moja, takwimu za kukatika umeme zitolewe kwa kila kata, kila mwezi, kwa saa. Mbili, katizo la matengenezo litangazwe kwa ujumbe wa simu kabla, si baada. Tatu, fidia iandikwe kwenye sheria kwa lugha ambayo mteja mdogo anaweza kuitumia. Jirani zetu Kenya waliweka kifungu cha fidia kwenye Sheria yao ya Nishati ya 2019. Utekelezaji una kasoro zake, ila wana pa kushikia.

Wakati tunadai, tukusanye ushahidi. Hapa ndipo wenye seva mna silaha msiyoijua: seva iliyounganishwa na UPS inaweza kuandika yenyewe umeme umekatika saa ngapi na umerudi saa ngapi. Asiye na seva aandike kwenye daftari. Vijana kumi kwenye kata moja, miezi mitatu, tayari mna jedwali ambalo hakuna ofisa atakayelipuuza kwa maneno matupu. Mlipeleke TANESCO kwa maandishi, mkikosa jibu mwende EWURA. Baraza la watumiaji, EWURA CCC, lipo kwa kazi hiyo ya kumsaidia mteja.

Wanatutania kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Acha watanie, hii ni kesi ya ng'ombe. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walikwenda Same kupinga mbiru, kodi ya wakoloni iliyokadiriwa kwa namna ambayo mlipaji haielewi. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kukadiriwa gizani. Na sisi hatukatai kununua LUKU. Tunataka kujua tunauziwa saa ngapi za umeme, na zinazokosekana analipa nani.

Anza leo: tarehe, saa ulipokatika, saa uliporudi.