Kabla ya Kumtuhumu Jirani: Intaneti Inapozorota Nyumbani



Wiki hii twaomba ruhusa tuwasimulie aibu yetu wenyewe, kwani ndani yake mna funzo ambalo huenda likaziokoa nyumba nyingine na hasara, na baya kuliko hasara, na dhambi. Miezi michache iliyopita tulihama kutoka kampuni moja ya intaneti hadi nyingine. Bei ilikuwa nafuu, kasi iliyoahidiwa ilikuwa maradufu ya ile tuliyoizoea, na fundi alikuja akafunga ruta yake sebuleni, akaondoka kabla ya adhuhuri. Tukashukuru. Haikutimia wiki, shukrani ikageuka manung'uniko.

Binti yetu mdogo, mwenye umri wa miaka 10, anahifadhi Qur'ani kwa ustadha aliyeko Zanzibar. Kila siku baada ya Magharibi huketi chumba cha nyuma, ndiko kwenye utulivu, akasoma huku ustadha akimsikiliza kwa simu ya picha. Tangu tuhame, ustadha alianza kumkatiza. "Rudia mwanangu, umeikatisha madda." "Rudia tena, umeruka neno." Sisi tuliosimama nyuma ya mlango tulimsikia akisoma sawasawa. Siku ya nne mtoto aliufunga msahafu, akasema hana akili ya kuhifadhi na hataki tena. Alikuwa amebakisha sura mbili tu kuikamilisha juzuu ya Tabaraka.

Hapo hasira zikatupanda. Tuliipigia kampuni simu mara tatu, na mara zote tatu tuliambiwa tuizime ruta kisha tuiwashe. Kisha mmoja wetu akafungua ukurasa wa mipangilio ya ruta, akaona orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na miongoni mwake viwili tusivyovijua. Papo hapo tukakumbuka kwamba mwezi wa Ramadhani tulimpa kijana wa jirani nywila yetu ya waifai. Basi jioni ile, barazani, mbele ya watu, tukamwambia mama yake kwamba mwanawe anatuibia intaneti. Bibi yule hakujibu neno. Aliinuka, akaingia ndani.

Yaliyofuata ndiyo tunayotaka kuyaeleza kwa utaratibu.

Swali moja lililofumbua fumbo

Mtoto wa kaka yetu, anayesomea mambo ya mitandao chuoni, alikuja kutuzuru mwisho wa wiki. Hakuigusa ruta. Alikunywa chai yake, kisha akauliza, "Shangazi, sauti ya ustadha huwafikia vizuri?" Tukamjibu kwamba hutufikia safi kabisa, wala picha yake haigandi. Akasema, "Basi njia ya kuja nyumbani ni nzima. Kasoro iko kwenye njia ya kutoka."

Wengi wetu hudhani intaneti ina kasi moja. Ina mbili. Iko kasi ya kupakua, ambayo hutuletea filamu, habari na sauti ya mwenzetu. Na iko kasi ya kupakia, ambayo hupeleka sauti na picha zetu kwake. Kampuni nyingine hutoa kasi sawa pande zote mbili. Nyingine hutoa kubwa ya kupakua na ndogo ya kupakia, na katika matangazo yao huitaja ile kubwa pekee. Tulipoutafuta mkataba tuliokuwa tumeutia saini bila ya kuusoma, tulikuta yote yameandikwa: megabiti 20 za kupakua, megabiti 5 za kupakia. Kampuni ya zamani ilitupa 10 kwa 10. Kwa hiyo tulikuwa tumeongeza upande mmoja na kupunguza mwingine, na upande tulioupunguza ndio uliochukua sauti ya mtoto hadi Zanzibar.

Lakini simu ya picha haihitaji zaidi ya megabiti mbili au tatu hivi. Tano zingemtosha binti yetu. Ni nani, basi, aliyezila?

Pima kwanza, useme baadaye

Kijana wetu alitufundisha kupima, na kila nyumba yaweza kufanya hivi bila ya fundi. Chukua kompyuta, iunganishe na ruta kwa waya, zima waifai ya simu zote, kisha tumia mojawapo ya programu za bure za kupimia kasi. Andika katika karatasi saa, kasi ya kupakua, kasi ya kupakia na muda wa kuchelewa, ambao hupimwa kwa milisekunde. Rudia baada ya Alfajiri, baada ya Adhuhuri na baada ya Isha, kwa siku tatu. Kisha pima tena kwa waifai, karibu na ruta na katika chumba kinacholalamikiwa. Ikiwa kwa waya kasi ni nzuri na kwa waifai ni mbaya, kampuni haina kosa. Kosa limo ndani ya nyumba. Ikiwa hata kwa waya ni mbaya, hapo una la kuiambia kampuni.

Jambo moja huwakanganya watu katika kupima. Kasi huuzwa kwa megabiti, na mafaili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde kitapakua megabaiti 2 na nusu kwa sekunde, wala si 20. Video ya megabaiti 100 itachukua sekunde 40 hivi. Usidhani umepunjwa kabla ya kugawanya kwa nane.

Sisi tulipata haya: kwa waya baada ya Alfajiri, 19 za kupakua na 5 za kupakia. Katika chumba cha nyuma, 3 za kupakua. Na baada ya Magharibi, kupakia kukashuka chini ya 1.

Kikulacho ki nguoni mwako

Tulipata makosa matatu, na yote matatu yalikuwa yetu.

La kwanza lilikuwa ukuta. Nyumba yetu ni ya Mji wa Kale, iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene kama desturi ya wazee wetu waliotaka ubaridi. Ukuta uzuiao joto huzuia pia mawimbi ya waifai. Ruta nyingi za sasa hurusha mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 5, yenye kasi kubwa lakini hayapenyi kuta vizuri, na ya gigahezi 2.4, yenye kasi ndogo lakini hufika mbali zaidi. Kati ya sebule na chumba cha nyuma kuna kuta tatu. Ruta iwekwe katikati ya nyumba, mahali pa juu na pa wazi, si ndani ya kabati wala nyuma ya televisheni. Na pale ukuta usipokubali, hakuna dawa ishindayo waya.

La pili lilikuwa ruta kuukuu. Tulipohama, hatukuitupa ya zamani. Tuliichomeka ukumbini, nyuma ya mpya, ili vifaa vyote viendelee na jina na nywila vilivyozoea. Matokeo yake, simu zetu ziliendelea kuishika ya zamani, yenye gigahezi 2.4 pekee, hata zilipokuwa kando ya mpya. Zaidi ya hayo, zote mbili zilikuwa zikirusha katika mkondo mmoja, kama watu wawili wanaosema kwa pamoja. Katika gigahezi 2.4 mikondo 1, 6 na 11 ndiyo isiyoingiliana. Ikiwa moja iko katika 1, nyingine iwekwe 6 au 11. Tuliiondoa pale, tukapitisha waya juu ya milango hadi chumba cha nyuma, tukaifunga huko kwa namna ya kurusha waifai tu, kazi ya kugawa anwani tukaiachia ile mpya. Waya wa zamani nao tuliubadilisha, kwa kuwa hewa yetu ya chumvi ilikuwa imeila shaba ya ncha zake.

La tatu ndilo lililotuinamisha vichwa. Wiki ile tulikuwa na harusi katika ukoo. Simu nne za watu wazima zilijaa video, na simu hizo zimewekwa zihifadhi picha zote kwenye hifadhi ya intaneti kila zinapopata waifai. Sisi hurejea nyumbani jioni, tukaziweka simu kwenye chaji, na papo hapo zote nne zikaanza kupakia. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikizila zile megabiti 5, saa ileile mtoto anapoketi kusoma. Na tulipoangalia kilichokuwa kikipakiwa, tulikuta hata video za usiku wa kupamba, ambazo wenyewe walituomba zisitoke nje ya simu. Kila mama aifungue simu yake leo aangalie kama uhifadhi huo umewashwa, na uwe ni kwa hiari yake. Sisi tuliuzima kwa yale yasiyofaa kutoka, na yaliyosalia tukayapangia saa za usiku wa manane.

Na vile vifaa viwili tusivyovijua? Tulipobadilisha nywila za ruta zote mbili, tulisubiri kuona nani atalalamika. Aliyelalamika wa kwanza ni nyanya, kwamba tableti yake haifungui mawaidha. Wa pili ilikuwa televisheni yetu wenyewe. Isitoshe, tulielezwa kwamba simu za siku hizi huficha anwani zao za kweli na kujipa anwani za kubuni, hivyo simu moja yaweza kuonekana katika orodha kama vifaa viwili. Orodha ile si ushahidi wa kumhukumia mtu. Kijana wa jirani hakuwa ametumia hata chembe.

Haki ya mteja

Tusije tukaonekana tunaisafisha kampuni. Baada ya kurekebisha ya kwetu, vipimo vyetu vya waya baada ya Isha vilibaki 11 badala ya 20, usiku baada ya usiku. Waya wa nyuzi za kioo unaofika mtaani hugawanywa kwa nyumba nyingi, na iwapo kampuni itaunganisha wateja wengi kupita kiasi, kila mmoja atapunjwa saa ambazo wote wako nyumbani. Safari hii hatukupiga simu kwa ghadhabu. Tulipeleka barua pepe yenye vipimo vya siku tatu, saa kwa saa. Fundi alikuja siku ya pili, akakiri kwamba kisanduku cha mtaa kimeelemewa, na wakatuhamishia kwenye laini nyingine.

Mteja wa Kenya si mnyonge. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa haki ya huduma yenye ubora unaostahili na haki ya kupewa maelezo anayohitaji. Malalamiko huanza kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi. Yakipuuzwa, hupelekwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Lakini soma mkataba kwanza, hasa neno "hadi" lililotangulia kasi, na sharti la kupunguziwa kasi baada ya kutumia kiasi fulani. Na kabla ya kuikata laini ya zamani, ijaribu mpya kwa siku kadhaa. Kisha uhakikishe ya zamani imefungwa kwa maandishi, usije ukalipa mara mbili.

Yako pia yasiyo ya nyumba wala ya kampuni. Mikongo ya baharini inayoileta intaneti nchini hutia nanga hapa kwetu Mombasa. Ule wa TEAMS umetoka Fujairah mwaka 2009. Mwezi Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipopata hitilafu kusini mwa Afrika, Afrika Mashariki nzima ilizorota. Siku kama hizo, waulize majirani wenye kampuni nyingine. Kama wote wanalia, subiri. Kwetu sisi lakini, intaneti ilikuwa imevuka bahari salama, ikashindwa na kuta tatu na simu nne.

Deni lililobaki

Kurekebisha intaneti kulituchukua siku mbili. Kurekebisha yaliyosemwa barazani kuligharimu zaidi. Katika Qur'ani mna sura yenye jina la wapunjao vipimo, na tulikuwa wepesi kuikumbuka kwa ajili ya kampuni. Tukaisahau Suratul-Hujurat, inayotuonya juu ya dhana. Tulimtuhumu mtu kabla ya kupima. Tulikwenda kwa jirani yetu, na kwa kuwa tulimtuhumu mwanawe mbele ya watu, tukaomba radhi mbele ya watu walewale. Mama alitusamehe, akatumiminia kahawa. Kijana hakuinua macho. Ni yeye aliyekuwa akitupandishia mtungi wa gesi ngazini bila ya kuombwa, na kwa wiki tatu tuliupandisha wenyewe. Ijumaa iliyopita alibisha hodi, akauliza kama gesi imekwisha.

Ama binti yetu, tulimweleza ustadha yote. Jioni ya kwanza baada ya matengenezo alimsikiliza kuanzia mwanzo wa sura hadi mwisho bila ya kumkatiza, kisha akamwambia, "Mwanangu, hukukosea hata siku zile. Mimi ndiye niliyekuwa sikusikii." Juzuu ya Tabaraka imekamilika, alhamdulillah.

Tuonane wiki ijayo, inshaallah. Wabillahi tawfiq.