Watahiniwa Wasiachwe Wakikisia

Kila mwaka, mtihani wa KCSE unapomalizika mwezi Novemba, huko Kyuso mvua ya vuli huwa imekwisha kunyesha, iwapo Mola ameijalia, na watahiniwa hutoka katika chumba cha mtihani na kuingia moja kwa moja katika palizi ya ndengu na mawele. Huko shambani, na jioni madukani, huzuka kazi ya pili ambayo hawakutumwa na mtu. Huanza kuhesabu. Huyu hukumbuka maswali aliyoyajibu katika karatasi ya pili ya Hisabati na kujipa alama hamsini. Yule hudai kuwa Insha ilimwendea vyema lakini Fasihi ilimzidi nguvu. Wa tatu huapa kuwa jaribio la Kemia lilimharibikia, maana rangi aliyoiona yeye si ile waliyoiona wenzake. Kabla jua halijatua, kila mmoja amekwisha kujitunuku gredi.

Hatuandiki haya ili kuwakemea. Aliyesoma miaka minne, kisha akaambiwa angoje majuma kadhaa bila neno lolote, hawezi kuuzuia moyo wake usipige ramli. Linalotutia wasiwasi ni kwamba ramli hiyo hugeuka hukumu. Kijana aliyejikadiria gredi ya D hupanda matatu hadi Mwingi, na kutoka hapo akaelekea Nairobi au Thika kutafuta kibarua cha ujenzi. Msichana naye hutafutiwa kazi ya nyumbani mjini hata kabla ya Krismasi. Matokeo yanapotangazwa hawapo, na muda wa kuomba nafasi za vyuo hufunguliwa na kufungwa bila wao kujua kwamba palikuwa na nafasi iliyowahusu. Kwa upande mwingine, yupo mzazi aliyehakikishiwa na mwanawe kwamba B haikosi, akaanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe wake wa pekee.

Hesabu hizo za madukani zina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba gredi haipatikani kwa njia hiyo. Mtahiniwa hajui alama alizopewa, na hata kama angezijua, mipaka ya gredi katika kila somo huwekwa baada ya karatasi kusahihishwa. Alama zinazompa mtu B katika somo moja zaweza kumpa A au C katika jingine. Gredi za masomo saba ndizo zinazogeuzwa pointi, kuanzia 12 kwa A hadi 1 kwa E, zikajumlishwa hadi upeo wa 84. Mwenye pointi 46 ana C+, ambayo ndiyo gredi ya chini ya kuingilia chuo kikuu. Mwenye pointi 45 ana C. Pointi hiyo moja ndiyo ambayo kijana hudhani anaweza kuikadiria akiwa ameegemea jembe!

Isitoshe, vipimo vyenyewe hubadilika. Wale waliofanya mtihani mwaka 2016 walijilinganisha na ndugu zao wa 2015, mwaka ambao watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata A. Serikali ilikuwa imekaza kamba dhidi ya udanganyifu, na matokeo yalipotolewa mwezi Desemba, waliopata A nchini kote walikuwa 141 tu. Mwaka 2023 mambo yakageuka tena. Badala ya kuhesabu masomo matano ya lazima, Baraza la Mitihani lilianza kuhesabu Hisabati, lugha moja ambayo mtahiniwa ameifanya vyema zaidi, na masomo mengine matano aliyoyapita kwa ubora. Waliopata C+ na zaidi wakaongezeka kutoka 173,000 na ushei mwaka 2022 hadi 201,133. Kwa hiyo kaka aliyemaliza shule mwaka 2022, na ambaye leo anaketi na mdogo wake kumhesabia pointi kwa kanuni aliyoijua yeye, anamdanganya bila kukusudia.

Kuna wakati ambapo serikali yenyewe iliwalazimisha wanafunzi kukisia. Chini ya ile Bodi ya Pamoja ya Udahili iliyojulikana kama JAB, watahiniwa walijaza fomu za kozi wakiwa bado shuleni, kabla ya mtihani, ingawa baadaye waliruhusiwa kurekebisha. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 iliiondoa bodi hiyo na kuunda shirika la KUCCPS. Siku hizi mtahiniwa anaweza kuomba nafasi akiwa na matokeo mkononi. Hilo ni jambo jema, lakini faida yake ni kwa yule anayejua kwamba maombi hufanywa kwa intaneti na kwa muda maalum. Mwana wa mjini huambiwa na jirani. Mwana wa Kyuso, ambaye huenda yuko kwenye mjengo asikojulikana, atamsikia nani?

Jambo linalofichwa zaidi na uvumi huu ni kwamba C+ si mlango pekee. KUCCPS huwapangia nafasi za stashahada wenye C- na zaidi, na za vyeti vya ufundi wenye D, na hata aliyepata E anaweza kujiunga na mafunzo ya fundi wa ngazi ya chini. Kijana aliyejihukumu D na kutoroka kwa aibu amekimbia gredi ambayo, hata kama ingetimia, ingemwezesha kujifunza umeme au ufundi wa mabomba. Na wale wenye C+ nao wasijipe uhakika mno, kwani kozi hugawanywa kwa pointi za masomo manne yanayohusiana nayo, na kiwango cha kuingilia hupanda na kushuka kila mwaka kwa kadiri ya wingi wa waombaji.

Walimu wetu hawawezi kujitenga na lawama. Katika ofisi nyingi kuna ubao ulioandikwa wastani ambao shule inalenga, na wapo walimu ambao humwambia mtahiniwa langoni, siku ya karatasi ya mwisho, kwamba wao wamekwisha kumhesabia C. Neno la mwalimu lina uzito kuliko la duka zima. Matapeli nao hupata soko hapo hapo, wakidai wanajua mtu anayeweza kubadilisha alama, na mzazi aliyekwisha kutishwa na makisio hutoa pesa.

Mtihani huu haujabakiza miaka mingi, kwani kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 liliingia kidato cha kwanza mwaka 2024 na linatarajiwa kuufanya mwaka 2027. Tunawaomba walimu wakuu wa Kyuso, Tseikuru na Mumoni wasiwaachilie watahiniwa waliosalia kabla ya kuwaketisha kwa saa mbili, baada ya karatasi ya mwisho, wawafafanulie jinsi pointi zinavyohesabiwa na maombi yanavyofanywa. Mwalimu wa darasa aandike nambari ya simu ya kila mtahiniwa, na ya jamaa wake mmoja asiyehamahama. Matokeo yakitoka ampigie kila mmoja wao, akianza na wale walioondoka wakiamini wameanguka.